Fedha, Funguo na Kadi: Kuuza Gari kwa Mnunuzi wa Mbali

Katika mauzo ya gari vitu vitatu huhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine: fedha, gari lenyewe na kadi. Muuzaji na mnunuzi wakiwa mji mmoja, vyote vitatu huhama asubuhi moja, na asiyeridhika na kimoja huzuia kingine. Umbali ndio unaovitenganisha. Fedha zinatumwa leo kutoka Mwanza, gari linaondoka Tanga keshokutwa, kadi inafuata kwa basi wiki ijayo, na kila baada ya hatua moja kuna mtu aliyekwisha kutoa chake na hajapata cha mwenzake. Hasara nyingi za mauzo haya hutokea katika muda huo wa kusubiri. Kinga zinazofaa, zikichunguzwa vizuri, ni njia za kuufupisha.

Mwambao wa Tanga unafaa kulitazama jambo hili. Kigombe, kijiji cha wavuvi na mkonge wilayani Muheza, kipo kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani. Soko la magari la kijiji cha namna hiyo ni dogo: pikipiki au kirikuu cha kubebea samaki kinaweza kupata mteja jirani, lakini mwenye Noah au Hilux ya mamilioni hulazimika kutafuta mbali. Picha hupigwa, tangazo huingia kwenye makundi ya WhatsApp, na anayepiga kuulizia bei anaweza kuwa Tanga mjini, Dodoma au Muscat. Mnunuzi wa bara naye ana hofu yake, hasa ya kutu, maana chumvi ya bahari hula chasisi ya gari lililolala ufukweni miaka mingi. Hata pasipo utapeli wowote, mnunuzi ana sababu ya kutolipa kabla gari halijakaguliwa hadi uvunguni, na muuzaji ana sababu ya kutoliachia kabla fedha hazijaingia.

Kadi inasema nini

Kwa Tanzania Bara kadi ya gari hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Huonyesha namba ya usajili, namba za chasisi na injini, aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa, rangi na jina la mmiliki. Herufi za mwisho za namba ya usajili zimekuwa lugha ya sokoni: gari huitwa "namba C", "namba D" au "namba E", na bei hupanda kwa herufi. Anayenunua kwa mbali hupotoshwa kirahisi na lugha hiyo. Herufi inaeleza gari lilisajiliwa lini nchini, si lilitengenezwa lini. Toyota iliyotoka kiwandani Japani mwaka 2005 inaweza kuwa namba D kwa sababu tu ilishushwa bandarini ikiwa imeshatumika huko miaka mingi. Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi.

Jina lililo kwenye usajili huchukuliwa kuwa la mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kenya imeliandika hilo waziwazi katika kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Uingereza imeshika njia nyingine: cheti chake cha usajili, V5C, kinatamka chenyewe kwamba si uthibitisho wa umiliki. Tanzania mauzo ya gari yapo chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo kwayo mali huhama pale wahusika walipokusudia ihame. Kadi basi ni ushahidi mzito wa jambo lililofanyika, na jambo lenyewe linaweza kuwa limefanyika kabla kadi haijabadilika. Hapo ndipo yalipozaliwa mazoea ya kuuza kwa "kadi na mkataba": mnunuzi anachukua gari, kadi yenye jina la muuzaji na karatasi yenye sahihi, kisha habari ya kubadilisha jina inaachwa mpaka siku itakapohitajika.

Mazoea hayo yanapendwa kwa kuwa yanaokoa ada na safari. Gari linaweza kupita kwa watu watatu au wanne, kadi ikibaki na jina la yule wa kwanza. Wa mwisho akitaka kuliandikisha, anamhitaji mtu asiyemfahamu, aliyeuza gari zamani, aliyehama mkoa au aliyefariki. Akiwa amefariki, suala linageuka la mirathi: familia inapaswa kumteua msimamizi, mahakama imthibitishe, ndipo apatikane mwenye mamlaka ya kusaini. Kwa mnunuzi aliyeko Mwanza, kuifuata familia iliyosambaa kati ya Muheza na Pangani ni kazi ya miezi.

Kinachosahaulika zaidi ni kwamba muuzaji naye anabaki kifungoni. Faini za barabarani hufuata namba ya gari. Ada za maegesho zinazokusanywa katika miji na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) nazo hufuata namba hiyohiyo. Gari likigonga mtu na kukimbia, au likikamatwa na magendo, polisi huanza na jina lililo kwenye usajili. Aliyeuza gari lake Kigombe na kulisahau anaweza kuitwa kituoni kuelezea ajali iliyotokea Shinyanga, na karatasi yake ya mauziano ndiyo utetezi wake wote. Kwa hiyo kubadilisha jina ni haja ya pande zote mbili. Muuzaji anayesema "hilo ni lako wewe na TRA" anajidhuru mwenyewe.

Kabla ya kutajiana bei ya mwisho

Mnunuzi wa mbali huanza kwa kuomba picha ya kadi, picha ya namba ya chasisi iliyochongwa kwenye gari lenyewe, na kitambulisho cha muuzaji. Vitatu hivyo vinapaswa kusema kitu kimoja. Jina la kadi likitofautiana na la kitambulisho, maelezo yanatakiwa hapohapo, na "gari ni la kaka yangu" si maelezo bila hati ya uwakilishi iliyosainiwa na huyo kaka mbele ya wakili. Picha peke yake haitoshi, kwa kuwa kadi ni rahisi kuchezewa kwa programu ya simu. Taarifa zake zilinganishwe na zilizo kwenye mfumo wa TRA kabla ya senti kutoka. Madeni ya faini hutazamwa kwa namba ya gari katika mfumo wa kikosi cha usalama barabarani, na ya maegesho katika ule wa TARURA. Ni kazi ya dakika chache, na muuzaji mwenye busara huifanya mwenyewe kwanza ili asije akashangazwa mbele ya mteja.

Hatari kubwa kuliko faini ni kadi iliyowekwa bondi. Wakopeshaji wadogo hupenda kuishika kadi kama dhamana na kumwachia mkopaji aendelee kuendesha. Mkopaji huyo akitaka kuuza kwa hila, huenda polisi kuchukua ripoti ya upotevu na kudai kadi imepotea, akapata nyingine. Mnunuzi anapewa kadi mpya safi, na miezi miwili baadaye mkopeshaji anajitokeza na ya kwanza. Kadi zinapotea kweli, tena mara nyingi, na si kila anayeeleza hivyo ni mwongo. Lakini kadi mpya kwenye gari la zamani inastahili swali, na jibu liandikwe ndani ya mkataba. Mkopo wa benki ni afadhali kwa sababu haujifichi sana: jina la benki huwekwa kwenye kadi pamoja na la mkopaji, na gari haliuziki mpaka benki itoe barua ya kuliachia. Pale mkopo unapokuwa haujaisha, njia salama ni mnunuzi kulipa sehemu ya deni moja kwa moja benki na kilichobaki kwa muuzaji.

Yapo pia magari yaliyoingia nchini kwa msamaha wa kodi, kama ya miradi ya wafadhili yenye namba za DFP. Hayo hayawezi kuhamia kwa mtu wa kawaida mpaka kodi iliyosamehewa ilipwe TRA. Bei yake ndogo kwenye tangazo kwa kawaida haijajumuisha kodi hiyo.

Tapeli wa katikati

Katika ujanja wote unaotumika kwenye mauzo ya mbali, mmoja unahitaji kuelezwa kwa urefu kwa sababu unawanasa watu wawili waaminifu kwa mpigo.

Tapeli huona tangazo la gari la Kigombe linalouzwa kwa shilingi milioni 12. Anazichukua picha, anaweka tangazo lake kwa milioni 9, na mtu wa Morogoro anampigia. Kisha anampigia muuzaji wa kweli na kukubali milioni 12 bila kubishana. "Nanunua kwa ajili ya shemeji yangu," anamwambia. "Atakuja kuliangalia, lakini usimtajie bei, kuna hesabu yetu ya kifamilia." Mtu wa Morogoro anaambiwa kwamba gari lipo kwa mdogo wake, ambaye hajui mpango wa bei na asiulizwe. Siku ya kuonana, mnunuzi anaona gari halisi, kadi halisi, mtu mwenye funguo. Kila kitu ni cha kweli isipokuwa akaunti atakayoilipa. Anatuma milioni 9 kwa tapeli, na muuzaji anasubiri milioni 12 ambazo hazijatumwa popote. Kufikia jioni wanatuhumiana wao kwa wao, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake yumo, na namba ya simu ya tatu imezimwa.

Ujanja huu unasimama juu ya sharti moja tu: wawili waliokutana wasizungumze bei. Yeyote anayeliweka sharti hilo, kwa sababu yoyote ile hata iwe tamu namna gani, ameshajieleza. Muuzaji anayemwambia mgeni aliyefika mlangoni, "Mimi nauza milioni 12, na fedha zinaingia kwenye akaunti yenye jina langu," anauvunja kwa sentensi moja. Dalali halali haogopi sentensi hiyo. Dalali wa kweli analipwa kamisheni iliyokubaliwa na kujulikana kwa wote, wala fedha za gari hazipiti kwake.

Namba za simu za utapeli hupokelewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kupitia 15040. Hilo husaidia kuifunga namba. Fedha zilizokwisha kutolewa kwa wakala ni nadra kurudi.

Fedha zilizofika na zinazoonekana kufika

Ujumbe wa simu unaosema fedha zimeingia unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Kinachoaminika ni salio, likisomwa na muuzaji mwenyewe kwenye menyu ya simu yake au na karani wa benki yake. Malipo ya simu yanafaa kwa kiasi kidogo. Kwa bei ya gari ukomo wa akaunti hulazimisha kukata fedha vipandevipande, na kila kipande ni nafasi ya kukosea namba. Hundi haifai kabisa baina ya watu wasiofahamiana, kwa kuwa inaweza kuonekana kwenye taarifa ya akaunti kabla haijakubaliwa na benki ya mlipaji, na inaweza kurudi. Nakala ya SWIFT inayotumwa kwa picha kutoka Muscat au Dubai nayo ni karatasi ya ahadi tu mpaka benki ya Tanga iseme fedha zipo na zinatoleka.

Kwa malipo makubwa kutoka benki moja kwenda nyingine, mfumo wa TISS wa Benki Kuu ya Tanzania, ulioanza 2004, ndio imara zaidi: malipo yakikamilika hayarudishwi kwa mlipaji kubadili nia. Iliyo rahisi kuliko zote ni ya pande mbili kuwa na akaunti benki moja. Fedha huhama papo hapo, muuzaji akiwa ameketi mbele ya karani mjini Tanga na mnunuzi au mwakilishi wake pembeni yake. Tofauti kati ya njia hii na kupokea noti mezani nyumbani ni kubwa mno kuihesabu kwa ada ya benki: hakuna noti bandia, hakuna anayebeba milioni kumi ndani ya basi kupitia Segera, na benki inabaki na kumbukumbu ya nani alimlipa nani.

Kishika uchumba ndicho kinacholeta magomvi mengi ya kweli, yasiyo ya matapeli. Mnunuzi anatuma laki tatu ili gari lisiuzwe, kisha anachelewa, muuzaji anapata mwingine mwenye fedha taslimu. Je, laki tatu zinarudi? Bila maandishi kila mmoja ana jibu lake. Ujumbe mmoja uliokubaliwa na wote unatosha: kiasi, tarehe ya mwisho, na kitakachotokea upande wowote ukirudi nyuma. Kiwe kidogo. Mtu anayetaka nusu ya bei kabla gari halijaonekana anaomba mkopo.

Pale ambapo mnunuzi hawezi kufika kabisa, fedha zinaweza kukaa kwa wakili hadi jina libadilishwe. Wakili athibitishwe kwanza katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, kisha apewe maelekezo ya maandishi ya lini amlipe nani. Anatoza, lakini huyu ndiye mtu pekee anayeweza kuushika muda wa kusubiri kwa niaba ya wote. Biashara ya magari kutoka Japani imezoea kitu kinachokaribiana na hicho: anayeagiza hulipa kwa ankara, na hati ya shehena, ambayo bila hiyo gari halitoki bandarini Dar es Salaam, huachiliwa malipo yakikamilika.

Mkataba, na saa ya makabidhiano

Mkataba wa mauziano una majina kamili ya wote wawili, namba zao za NIDA na za mlipakodi (TIN), namba ya usajili, ya chasisi na ya injini, bei, njia ya malipo, hali ya gari na mashahidi, na husainiwa mbele ya wakili. Hayo yamo kwenye karibu kila fomu inayouzwa kwenye steshenari. Lisilokuwemo mara nyingi ni saa. Kwa kuwa hatari huifuata mali isipokuwa kama wahusika wamekubaliana vinginevyo, mstari unaosema "gari limekabidhiwa saa 5:40 asubuhi, kilomita 148,200 zikiwa kwenye dashibodi" unamaliza mabishano juu ya ajali iliyotokea saa saba mchana njiani Korogwe, na juu ya faini ya mwendokasi iliyoandikwa siku hiyohiyo.

Bei iandikwe ya kweli. Ushuru wa stempu kwenye uhamisho ni asilimia 1 ya thamani, kwa hiyo gari la milioni 12 linadaiwa Sh120,000. Kuandika milioni 5 kunaokoa Sh70,000, na kunampokonya mnunuzi milioni 7 siku atakapodai kurudishiwa fedha zake kwa sababu gari limegundulika kuwa la wizi, kwani mkataba wake mwenyewe unasema alilipa tano. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu, chini ya Sura ya 189, haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Nani analipa gharama za uhamisho ni suala la makubaliano. Desturi humtupia mnunuzi, ila desturi isiyoandikwa haimzuii mtu kusahau.

Siku yenyewe hupangwa iwe ya kazi, ianze asubuhi, na iwe Tanga mjini ambako benki, wakili na ofisi ya TRA vipo karibu. Mnunuzi akilikagua gari Kigombe jana yake na fundi wake, siku ya pili inabaki kwa karatasi. Mkataba unasainiwa, fedha zinahamishwa na kuthibitishwa kwenye akaunti, maombi ya kubadilisha jina yanaingizwa kwa TIN zote mbili, namba ya malipo inatolewa na kulipiwa kwa simu au benki, na funguo zinatolewa wakati huohuo pamoja na kadi orijino au risiti ya kuipokea TRA. Muuzaji anabaki na nakala ya kila kitu, ikiwamo kitambulisho cha mnunuzi, mpaka aone kwamba jina limehama kweli.

Bima nayo haihami yenyewe pamoja na gari. Hata ile bima ndogo ni mkataba kati ya kampuni na mtu aliyetajwa, kwa hiyo mnunuzi anayeanza safari ya kilomita zaidi ya elfu moja kurudi Mwanza apate kwanza ridhaa ya kampuni hiyo au akate yake kabla ya kuwasha injini.

Namba za Z na za Kenya

Pwani ya Tanga inatazamana na Pemba na inapakana na Kenya, kwa hiyo mnunuzi au gari linaweza kutoka ng'ambo ya mipaka hiyo. Gari lenye namba ya Z limesajiliwa Zanzibar, kwa mamlaka yake yenyewe, na kulileta Bara kwa kudumu ni suala la kodi na usajili kabla halijawa suala la kubadilisha jina. Bei ya tangazo isikubaliwe kabla TRA haijasema ni kiasi gani kitadaiwa.

Gari la Kenya lililopita mpaka wa Horohoro kwa kibali cha muda ni mgeni mwenye tarehe ya kuondoka. Kuliuza Tanga bila kulilipia ushuru wa forodha ni magendo, na anayelinunua kwa mkataba mzuri kiasi gani bado anaweza kunyang'anywa na forodha. Upande wa pili hali ni ngumu vilevile: Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Mteja wa Mombasa anayeitaka Hilux ya 2005 iliyopo Kigombe, na kuahidi kwamba mambo ya Lungalunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, atayamaliza yeye, hawezi kuiandikisha kihalali kwao. Ikivushwa hivyo, itatembea huko kwa namba ya Tanzania na kwa jina la muuzaji.